Kiti cha Kulia

Motokari ya Papa Kapend ina adabu mbele ya wageni.
Ikifika kwangu Katuba, chini ya bati langu,
inakohoa mara moja, inawaka,
honi inaita mpaka kuku wa jirani wanahama.
Mgonjwa anayeponea mlangoni mwa daktari:
hao ndio walionipa mvi.

"Inazimika," anasema. "Si kila siku."
Lini?
"Inapotaka."
Kwenye mvua? Kwenye joto? Ukivuka reli?
Anaangalia viatu vyake. Alikuwa mtu wa ishara za treni,
miaka thelathini nyekundu ni nyekundu, kijani ni kijani,
na sasa Pijo yake mwenyewe inamdanganya.

Mafundi wawili wamepita humu kabla yangu.
Nawajua kwa mikono yao. Wa kwanza aliuza batri.
Wa pili aliuza alternata,
na fizibo ilipoungua akapachika karatasi ya sigara,
ile inayong'aa, Mungu amsamehe.
Mimi nikaanza upya na balbu yangu ndogo
yenye mikia miwili, mmoja mwekundu, mmoja mweusi.
Nikatikisa mashada ya nyaya
kama unavyotikisa mwembe wa mtu,
polepole, ukitazama nyuma.
Nikasugua masi kwa msasa hadi chuma kikacheka.
Nikamwagia maji. Nikaianika kwenye jua la Oktoba.
Balbu iliwaka. Balbu iliwaka.
Balbu, shetani huyo, iliwaka.

Siku tatu.
Umeme uliokufa ni kazi rahisi:
unafuata waya kama nyayo, mpaka zinapokoma.
Lakini huu wa kuja na kwenda ni mdeni wako.
Umtafute, yuko safarini.
Acha kumtafuta, anakupita sokoni, anakusalimu kwa jina.

Siku ya nne Papa Kapend akanivuta pembeni,
nyuma ya mapipa ya oili,
akanong'ona kana kwamba motokari ina masikio:
"Inazimika mke wangu akipanda.
Nikiwa peke yangu, haijawahi."
Na wengine?
"Wengine hukaa nyuma. Kiti cha mbele ni chake."
Dada zake, akasema, wameshaanza kuhesabu:
harusi ya Likasi, tulilala njiani.
Kilio cha Kipushi, tulikuta wameshazika.
Sasa Mama Mujinga huenda kanisani kwa miguu.
Mwaka na nusu.

Mlete, nikasema.

Alikuja na vumbi hadi magotini, hakunisalimu sana.
Balbu nilikuwa nimeifunga kwenye pampu ya petroli, inawaka vizuri.
Akafungua mlango, akakaa kiti cha kulia.
Ikafa.
Inuka, mama. Ikawaka.
Kaa.
Ikafa.

Nikang'oa kiti. Chini ya zulia,
katikati ya maganda ya karanga na kitufe cha shati,
springi moja ilikuwa imeota jino,
na jino limetafuna ganda la waya miaka mingi.
Ndani, shaba imegeuka kijani,
kijani kile cha mawe tunayochimba hapa hapa,
nyuzi mbili tu bado zimeshikana mikono.
Uzito ukija, zinaachana.
Uzito wowote. Gunia la mahindi lingetosha.

Mama Mujinga hakucheka.
"Nilisema kuna kitu kinanichoma chini," akasema.
"Nilisema toka mwaka juzi."
Papa Kapend alikuwa ameinama,
anachunguza tairi lisilo na kasoro.
Na mimi, siku tatu nimeuliza mvua, nimeuliza jua,
nimeuliza kila skrubu.

Nilikata shubiri moja, nikaunga waya mpya,
nikauhamisha ukutani, mbali na meno.
Bei niliipunguza, sijui kwa nini.
Yeye akaomba kile kipande kibovu.
Akakifunga kwenye ncha ya kitenge,
pale panapofungwa pesa, akakaza fundo kwa meno.
Jumapili mawifi wanakuja kula bukari.